Mavuno Pasipo Shamba

SABATO ALASIRI

Fungu la Kukariri: Mithali 13:11. Lisomeni kwa sauti darasani, kisha kila mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Arusha ni mji uliozoea habari za kupanda na kushuka. Wazee wa Arumeru wanakumbuka jinsi baridi kali ilivyoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikaruka hadi kufikia kilele mwaka 1977. Wanakumbuka pia mwaka 1989, mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya kuuza kahawa yalipovunjika. Bei ilianguka, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi kwenye miteremko ya Mlima Meru waling'oa mibuni ili wapate nafasi ya nyanya, maharage na ndizi. Watoto wao wamekiona kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikiwa fahari ya mji, kikizima mitambo yake. Wameona pia vijana wakiingia mjini kutoka Mirerani na fedha nyingi mfukoni, na wameona baadhi ya vijana haohao wakiomba nauli baada ya miezi michache.

Katika habari zote hizi liko swali ambalo mkristo hawezi kulikwepa. Biblia haiwalaumu watu kwa sababu ya kufanya biashara, na wala haisemi kwamba faida ni dhambi. Mwanamke wa Mithali 31 analikagua shamba na kulinunua, naye anajua kwamba bidhaa yake ina faida. Basi tofauti iko wapi kati ya faida yake na faida ambayo Mithali 20:21 inasema mwisho wake hautabarikiwa? Na mtu akigundua kwamba faida aliyokwisha kuipata, na pengine kuitolea zaka, ilitoka katika hasara ya jirani yake, anadaiwa nini?

Wazo kuu la juma hili: Mungu hatuulizi tu tumepata kiasi gani. Anauliza pia kimetoka wapi, na ni nani aliyebaki mikono mitupu ili sisi tupate.

JUMAPILI

Njia Isiyojulikana na Ndege

Soma Ayubu 28:1-28. Ayubu anaonyesha heshima gani kwa kazi ya mchimbaji? Kwa nini hata hivyo anamalizia kwa swali la hekima?

Sura hii inafahamika vizuri zaidi kwa mtu aliyewahi kufika Mirerani, wilayani Simanjiro, kusini mwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ayubu anaeleza habari za watu wanaoshuka mahali ambapo mguu wa mwanadamu haupiti, wanaoning'inia mbali na wenzao, wanaoleta nuru gizani na kupindua mizizi ya milima. Wachimbaji wadogo wa tanzanite, wanaoitwa wanaapolo, wameifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi. Kwa desturi ya machimbo yale, wengi hawakuwa na mshahara. Mwenye mgodi aliwapa chakula na vifaa, nao walingoja mgawo siku mawe yatakapopatikana. Wapo waliongoja miaka. Mafuriko ya mwaka 1998, na tena ya mwaka 2008, yalijaza mashimo maji na kuua makumi ya watu waliokuwa chini.

Jiwe lenyewe, kwa kadiri inavyojulikana, halipatikani kwa biashara mahali pengine popote duniani isipokuwa katika eneo lile dogo. Liligunduliwa mwaka 1967. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina la tanzanite na kulitangaza katika maduka yake. Jumanne Ngoma, ambaye Serikali ilimtambua kuwa mgunduzi, alipewa zawadi ya shilingi milioni 100 mwaka 2018, wakati wa uzinduzi wa ukuta wa zaidi ya kilomita 24 uliojengwa kuzunguka machimbo. Ilikuwa miaka 51 tangu ugunduzi. Katika muda huo wote jiwe lilikuwa limewatajirisha watu wengi ambao hawakuwahi kuliona likiwa bado na udongo.

Mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili yenye uzito wa zaidi ya kilo 14 kwa shilingi zaidi ya bilioni 7.7. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima, na ilikuwa habari njema. Lakini habari ya namna hiyo ina hatari yake. Watu humwona mmoja aliyepata, wala hawawaoni wale wasiohesabika walioshuka siku ileile na kupanda bila kitu. Kijana anayesikia habari ya bilioni anahesabu bilioni. Hahesabu mashimo.

Ayubu hamdharau mchimbaji. Anamstaajabia. Hata hivyo anasema kwamba mwanadamu, aliye hodari wa kuchungulia ndani ya mlima, hana njia ya kuchimba hekima, wala hawezi kuinunua kwa dhahabu wala kwa vito. Hekima ni kumcha Bwana na kujitenga na uovu. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kujua mahali pa jiwe, asijue mahali pa kusimama jiwe linapopatikana.

Fikiri: Ni habari gani ya mtu aliyefanikiwa ghafla uliyoisikia karibuni? Ilikufanya uione kazi yako ya kila siku kwa jicho gani?

JUMATATU

Bei na Thamani

Soma Mithali 20:14 na Yakobo 4:13-16. Mafungu haya mawili yanafundisha nini juu ya maneno ya sokoni na juu ya mipango ya kesho?

Mwezi Novemba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha habari iliyohusisha biashara ya tanzanite na mtandao wa al-Qaida. Baadhi ya wauzaji wakubwa wa Marekani, Tiffany wakiwamo, waliacha kuuza jiwe hilo. Mwezi Februari 2002 wadau walikutana Tucson, jimboni Arizona, wakakubaliana njia za kulinda biashara, na serikali ya Marekani ikasema haikuona ushahidi wa uhusiano huo kwa wakati ule. Lakini madalali wa Arusha walikuwa wamekwisha kuumia. Jiwe lilikuwa lilelile, kwa rangi ileile na uzito uleule. Kilichobadilika ni neno lililosemwa juu yake.

Hapo ndipo tunapojifunza jambo la kwanza kuhusu bei. Bei ni makubaliano ya watu kwa siku fulani, nayo husimama juu ya imani. Thamani ya mhindi ni kwamba unashibisha, ya ng'ombe ni kwamba anatoa maziwa na mbolea. Bei inaweza kuikaribia thamani hiyo au kuiacha mbali. Inapoachwa mbali sana, hali hiyo huitwa povu. Watu hawanunui tena kitu kwa sababu wanakihitaji. Wananunua kwa sababu wanaamini yupo mwingine atakayekinunua kwa bei kubwa zaidi.

Majirani wa Kenya waliliona jambo hili wazi mwaka 2013 na 2014 katika ufugaji wa kware. Ilisemekana kwamba mayai ya ndege hao ni dawa ya maradhi mengi. Bei ilipanda, na watu wakaacha shughuli nyingine, wakachukua fedha za akiba na kununua kware. Tatizo ni kwamba wateja wengi wa mayai na vifaranga walikuwa watu wengine waliotaka kuanza kufuga. Mwenye kware alimuuzia mtu aliyetaka kuwa mwenye kware. Siku wanaotaka kuanza walipokwisha, walaji walikuwa wachache sana. Mayai yalijaa sokoni na bei ikaanguka katika muda mfupi. Waliouza mapema walipata. Waliobaki na ndege kwenye mabanda walikuwa wameilipa faida ya wenzao.

Karibu na hapo, wakulima wa Arusha na mikoa ya jirani walihimizwa katika miaka ya 2000 kupanda mbono, mti ambao mbegu zake zingetoa mafuta ya mitambo. Ahadi zilikuwa kubwa kuliko mavuno, na zile ndoto zilififia kabla ya muongo mmoja kupita kabisa. Hapa kulikuwa na tofauti moja ya kutazama: mkulima aliyepanda mbono kama ua wa shamba lake alibaki na ua. Aliyeacha mahindi ili apande mbono alibaki na njaa.

Yakobo hawakemei wafanyabiashara kwa kupanga safari, kukaa mwaka, kuuza na kununua. Anawakemea kwa kuizungumza kesho kana kwamba ni mali yao. Ndiyo maana mtu anayekuhakikishia faida ya mwezi ujao, pasipo neno lolote la "Bwana akipenda" wala la hasara inayowezekana, amekwisha kusema uongo hata kabla hujahesabu fedha.

Fikiri: Kabla ya kununua kitu ili ukiuze, jiulize ni nani atakayekitumia mwishoni. Kama hujui, unanunua kitu gani hasa?

JUMANNE

Kupanda na Kuvuna

Soma Wagalatia 6:7-10 na 2 Wakorintho 9:6-11. Paulo anapozungumza juu ya kupanda, mbegu ni nini na mavuno yanamfikia nani?

Watanzania wengi hawawezi kulisahau jina la DECI. Ilikuwa kampuni iliyoongozwa na wachungaji, na ilitumia lugha ya Biblia. Mtu hakuambiwa "weka fedha". Aliambiwa "panda mbegu". Baada ya majuma kadhaa angevuna mara mbili au zaidi ya alichopanda. Wa kwanza walivuna kweli, wakashuhudia makanisani na mitaani, na ushuhuda wao ukaleta wengine. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Walioathirika walikuwa wa madhehebu na dini mbalimbali, na wengi walikuwa watu wa kipato kidogo.

Hesabu ya mchezo wa namna hii mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya. Ili mmoja apate mara mbili, wanahitajika wawili wapya. Ili hao wawili nao wapate, wanahitajika wanne, kisha wanane, kisha 16. Katika mzunguko wa 10 wanahitajika watu 1,024. Katika mzunguko wa 20 wanahitajika zaidi ya milioni moja. Katika mzunguko wa 26 wanahitajika zaidi ya milioni 67, nayo Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania wote, pamoja na watoto wachanga, kuwa milioni 61.7. Kwa hiyo kuanguka hakukuletwa na maadui, wala na Serikali, wala na upungufu wa imani. Kulikuwamo ndani ya mpango tangu siku ya kwanza.

Kosa lililo zito zaidi lilikuwa katika lugha. Mkulima wa Arumeru anajua kupanda ni nini. Anaweka mbegu ardhini, Mungu analeta mvua na jua, na punje moja inazaa suke. Hapo pameongezeka kitu duniani ambacho hakikuwapo, na jirani hajapungukiwa. Katika mchezo wa fedha hakuna ardhi, hakuna mvua, hakuna suke. Fedha imetoka mfuko huu na kuingia mfuko ule. Kuita jambo hilo kupanda ni kulichukua jina la kazi ya Muumba na kulibandika juu ya kuhamisha mali ya jirani.

Tena Paulo hakuwaambia Wakorintho wapande ili wajirudishie. Aliwaandikia habari za mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Mbegu ilikuwa ukarimu. Mavuno yalikuwa haki, shukrani kwa Mungu, na uwezo wa kuwa wakarimu zaidi. Anayelichukua fungu hilo na kulifanya ahadi ya riba amewageuza maskini wa Yerusalemu kuwa daraja la kupitia.

Fikiri: Kwa nini maneno matakatifu huwafanya watu waache kuuliza maswali ambayo wangeuliza dukani? Kanisa lako linaweza kufanya nini ili swali la "fedha hii inatoka wapi?" lisionekane kuwa ni kukosa imani?

JUMATANO

Deni la Aliyevuna Mapema

Soma Luka 19:1-10, Walawi 6:1-5 na Hesabu 5:5-8. Zakayo alifanya nini kabla ya Yesu kutangaza kwamba wokovu umefika nyumbani mwake?

Mara nyingi waliopoteza ndio wanaozungumzwa. Leo tumfikirie yule aliyepata. Chukua mfano wa mshiriki aliyeweka shilingi 100,000 katika mchezo wa kupanda na kuvuna, akatoa 250,000, akatoka. Akalipa ada ya mtoto na akatoa zaka. Baadaye mchezo ukaanguka. Shilingi 100,000 zilikuwa jasho lake. Zile 150,000 zilikuwa za nani?

Yeye ana majibu matatu, na kila moja linastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba hakujua. Biblia inaitambua tofauti kati ya anayejua na asiyejua. Luka 12:47-48 inasema wazi kwamba mapigo hayalingani. Lakini kutojua kunapunguza hatia ya siku ile. Hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Aliyenunua mbuzi wa wizi bila kujua si mwizi, lakini mwenye mbuzi akija, mbuzi ni wake. Tangu siku alipojua, swali si tena alijua nini wakati ule. Swali ni atafanya nini sasa.

La pili ni kwamba naye alijihatarisha, angeweza kupoteza kama wengine. Jibu hili lina ukweli unaouma. Maana yake ni kwamba kilichomtenga aliyepata na aliyepoteza ni nafasi katika foleni, wala si tabia. Aliyepoteza naye alitamani kuvuna alichopanda mwingine, ila alichelewa. Si wote walikuwa hivyo. Wapo walioambiwa na kiongozi waliyemwamini kwamba huo ni mkopo wa kusaidiana, nao hawakuwa na njia ya kuchunguza. Lakini kwa wengi, majuto ya hasara yanahitaji kuambatana na toba ya tamaa. Hata hivyo, kujihatarisha hakuhalalishi mali. Mcheza kamari naye hujihatarisha.

La tatu ni kwamba alikwisha kutoa zaka. Hapa jibu la Maandiko ni kali zaidi. Katika Mathayo 27:6 hata makuhani waliomnunua Yuda walijua kwamba si kila fedha inafaa kuingia katika hazina ya hekalu. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anamwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake. Sadaka haisafishi fedha. Mungu hagawani na mtu mali ya mtu wa tatu.

Basi afanyeje? Walawi 6 inaagiza kurudisha na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliahidi mara nne. Ugumu ni kwamba katika mchezo wa fedha mara nyingi hajulikani aliyelipia. Lakini wengine wanajulikana. Anajulikana dada wa kwaya aliyeshawishiwa na ushuhuda wake. Anajulikana shemeji aliyeuza ng'ombe. Hao ni wa kuanza nao, kidogo kidogo kama uwezo ni mdogo, na kwa maneno ya wazi. Kwa ambao hawajulikani kabisa, Hesabu 5:8 inaonyesha njia: asipokuwapo wa kurudishiwa, malipo ni ya Bwana. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho baada ya kumtafuta jirani. Kuigeuza kuwa hatua ya kwanza ni kumkwepa dada wa kwaya kwa kupitia bahasha ya sadaka.

Angalia utaratibu wa habari ya Zakayo. Yesu hakumwekea sharti la kulipa ndipo aingie nyumbani mwake. Aliingia kwanza. Neema ilitangulia, na Zakayo, akiisha kupokewa, hakuweza tena kuishika fedha ile. Kurudisha hakununui wokovu. Ni dalili kwamba umefika.

Fikiri: Je, liko deni la namna hii ambalo limeingia kati yako na mshiriki mwenzako, hata mkawa mnasalimiana "Sabato njema" bila kutazamana machoni? Hatua ya kwanza ingekuwa ipi?

ALHAMISI

Kampuni, Ghala na Sabato

Soma Luka 14:28-30, Mithali 3:27-28 na Amosi 8:4-6. Mafungu haya yanamwambia nini mwenye biashara inayokua haraka?

Wakazi wa Arusha walimjua Nakumatt. Duka hilo kubwa, lililoanzia Nakuru nchini Kenya kama biashara ya magodoro, lilikua hadi kuwa na matawi katika nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 2014 lilinunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania, moja likiwa Arusha. Lakini ukuaji ule ulibebwa na madeni. Kufikia mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu kwa sababu wasambazaji hawakulipwa, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ifungwe.

Kushindwa kwa biashara si dhambi. Mtu mwaminifu anaweza kufilisika kwa ukame, vita au ugonjwa. Swali la Biblia ni biashara ilipoanza kuyumba, nani alibebeshwa mzigo. Mithali 3 inakataza kumwambia jirani "njoo kesho" hali unacho cha kumpa leo. Kampuni inayofungua tawi jipya huku muuza maziwa wa tawi la zamani hajalipwa inajenga kwa fedha ya muuza maziwa. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Watu husema kampuni haina roho, na kwa kweli kampuni haitasimama hukumuni. Watakaosimama ni watu waliotia sahihi.

Upande wa pili upo mfano wa Yusufu katika Mwanzo 41. Alipewa miaka saba ya neema, naye akaitazama kama ghala la miaka saba ya njaa. Hakufikiri kwamba neema itaendelea kwa sababu ilikuwapo jana. Sehemu ya tano iliwekwa akiba mjini, karibu na watu watakaoila. Mkulima wa Meru mwenye migomba, mibuni, maharage na ng'ombe wawili katika shamba moja anafuata hekima hiyohiyo, ambayo pia imo katika Mhubiri 11:2. Bei ya kahawa ikianguka, ndizi bado zinaliwa. Hapati utajiri wa ghafla, wala hafi kwa ghafla.

Na Mungu ameweka ulinzi mwingine, nao ni Sabato. Katika siku za Amosi wafanyabiashara walikuwa hekaluni kwa miili, huku mioyo yao ikiuliza Sabato itakwisha lini wafungue maghala, wapunguze vipimo na kuinunua nafsi ya maskini. Nabii anaunganisha mambo mawili: kuichoka Sabato na kumdhulumu maskini. Mtu asiyeweza kuacha kutafuta kwa siku moja amekwisha kuamini kwamba maisha yake yanategemea kutafuta kwake. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kumhurumia jirani anayemzuia. Katika Kutoka 16 mana iliyowekwa kwa uchoyo ilioza, na mana ya siku ya sita haikuoza hata Sabato. Kilichofanya akiba moja ioze na nyingine ikae hakikuwa ghala. Kilikuwa neno la Mungu.

Wakati wa neema kubwa, wakati kila mtu anasema nafasi hii haitarudi, kufunga duka jua linapozama Ijumaa ni ungamo la imani. Ni kusema kwamba nafasi ikipita, Bwana hajapita.

Fikiri: Ni katika msimu gani wa kazi yako Sabato huonekana kuwa ni gharama kubwa? Msimu huo unafunua nini juu ya tegemeo lako?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Ellen G. White aliwaonya waumini wa siku zake wasiingize fedha zao katika mashamba, migodi na hataza za uvumbuzi zilizoahidi faida kubwa ya haraka, mara nyingi kwa ushawishi wa ndugu wa imani. Onyo hilo linatukumbusha kwamba waumini wa nyakati zote wamekutana na jaribu lilelile kwa majina tofauti. Soma pia Zaburi 73 yote. Asafu aliwaonea wivu waliofanikiwa, akakaribia kuteleza, hata alipoingia patakatifu pa Mungu. Hakupata huko maelezo ya kwa nini waovu hufanikiwa. Aliuona mwisho wao, na akaona kwamba mkono wake ulikuwa umeshikwa wakati wote.

Mafanikio hayathibitishi mbaraka, na hasara haithibitishi laana. Ayubu alikuwa mwenye haki alipokuwa na ngamia 3,000, na alikuwa mwenye haki alipokaa majivuni. Kwa hiyo anayetoa ushuhuda wa fedha kanisani na aeleze pia ilivyopatikana, ili kijana anayesikiliza ajifunze kazi, asijifunze bahati.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki anakuja na mpango mpya kupitia simu: unaweka fedha leo, unalipwa kila siku, na ukileta wengine unalipwa zaidi. Anasema, "Wengi kanisani wamekwisha kulipwa." Ni maswali gani matatu mngemuuliza kwa upole? Tumieni mfano wa kware na hesabu ya Jumanne.

2. Aliyevuna mapema hana tena fedha ile. Ilikwisha kwa ada na matibabu. Aliyepoteza kwa kumfuata yeye ni mjane. Darasa lenu lingewashauri nini wote wawili? Je, kanisa lina sehemu ya kubeba, hasa kama ushuhuda ulitolewa mimbarani?

3. Wanaapolo wengi wamefanya kazi bila mshahara, kwa ahadi ya mgawo. Je, mapatano ya namna hiyo ni haki ikiwa pande zote mbili zimekubali? Linganisheni na Yeremia 22:13 na Kumbukumbu la Torati 24:14-15.

4. Yusufu aliweka akiba, na tajiri wa Luka 12:16-21 aliweka akiba. Mmoja anasifiwa na mwingine anaitwa mpumbavu. Tafuteni katika habari zenyewe tofauti kati ya maghala yao: lilijengwa kwa ajili ya nani, na lilipofunguliwa, nani alikula?

5. Kila mmoja ataje kwa faragha, mbele za Mungu, jina la mtu mmoja anayemdai fedha au msamaha. Ombeni kwa ajili ya majina hayo bila kuyataja kwa sauti. Kisha juma hili, kabla ya Sabato ijayo, nenda ukamwone.